Mpango wa Ardhi wa Kijiji Ukipitwa na Wakati: Namna ya Kuurekebisha Bila Kuuvunja

Nenda ofisi ya kijiji chako ukaombe kuonyeshwa mpango wa matumizi ya ardhi. Kama upo, utaonyeshwa ramani ya rangi iliyopigiliwa ukutani, pengine imeanza kupauka kwa jua la dirishani. Itazame, kisha muulize Mtendaji: siku tukitaka kuibadilisha, nani ataanza, nani ataamua, na tutajuaje kwamba imebadilika? Hapo ndipo wengi hukwama. Wapo watakaokuambia wataalamu wa wilaya watakuja. Wengine watasema Halmashauri ya Kijiji itakaa. Na wakati hao wanasubiriwa, mpango unakuwa umeshabadilishwa na mtu mwenye trekta.

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa halmashauri, mwenyekiti wa kitongoji na mwanakijiji yeyote wa Tanzania Bara anayeona kwamba mpango wa kijiji chake haulingani tena na hali ilivyo, lakini hataki marekebisho yawe mlango wa kupora ardhi. Ushauri wangu mkuu ni huu: andikeni kanuni ya kurekebisha mpango kabla hamjawa na la kurekebisha. Kanuni ikitungwa siku ambayo mtu ameshafika na bahasha yake, itatungwa kwa ajili yake.

Nani mwenye mamlaka

Sheria mbili ndizo za kushika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, lakini kwa nafasi ya mdhamini anayeshika mali ya wengine. Halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na inatakiwa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaitambua halmashauri hiyohiyo kuwa mamlaka ya upangaji ndani ya mipaka ya kijiji. Wilaya inashauri, inatoa wataalamu na kuidhinisha sheria ndogo. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi inatoa miongozo na kufuatilia ubora wa kazi.

Lakini bila Mkutano Mkuu kukubali, hakuna mpango. Mkutano Mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, si wale wajumbe 15 hadi 25 wa halmashauri. Kwa hiyo kilichopitishwa na mkutano huo hakiwezi kufutwa na kikao cha watu wachache jioni moja, hata kama muhuri uko mikononi mwao. Ukielewa hilo tu, umeshaelewa nusu ya mwongozo huu.

Soma kwanza mlicho nacho

Kabla ya kusema mpango umepitwa na wakati, omba nyaraka zote: Cheti cha Ardhi ya Kijiji, taarifa ya mpango yenye jedwali la maeneo na ukubwa wake kwa hekta, ramani, sheria ndogo, rejista ya ardhi ya pamoja, na muhtasari wa mkutano uliopitisha mpango pamoja na orodha ya mahudhurio. Usitosheke na ramani. Linganisha jedwali na ramani, maana mara nyingine eneo la malisho lililoandikwa kwenye jedwali silo linaloonekana kwenye mchoro. Tazama pia kipindi cha mpango. Mipango mingi huandikwa kwa miaka 10, na kipindi hicho hupita bila mtu kukumbuka.

Angalia vilevile mpango wenu uliishia hatua gani. Utaratibu wa Tume una hatua sita: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi kijijini, upimaji na ramani ya hali ilivyo, upangaji wenyewe, usimamizi wa ardhi pamoja na hati za kimila, na mwisho mipango ya kina ya kila eneo, yaani viwanja vya makazi, njia za mifugo na namna ya kutumia malisho. Miradi mingi huishia hatua ya nne, kwa kuwa ndipo ramani inapokamilika na picha za makabidhiano zinapopigwa. Kama kijiji chenu kimo katika kundi hilo, huenda ugonjwa si mpango kuzeeka. Mpango haujawahi kutekelezwa. Msiite wataalamu kupanga upya eneo la malisho ambalo halijawahi kuwekwa hata alama moja ya mpaka. Wekeni alama kwanza, muone.

Kagueni kwa miguu

Kamati ya Usimamizi wa Mipango ya Matumizi ya Ardhi, ile ambayo vijijini wengi wanaiita VLUM, ndiyo inayopaswa kufanya kazi hii. Ipite kitongoji kwa kitongoji ikiwa na ramani na simu yenye GPS, pamoja na wazee wawili watatu wa kila upande na vijana wanaochunga. Itakachokiona ikiandike katika mafungu matatu, na hapa naomba uwe mkali, kwa sababu vurugu nyingi huanzia kwenye kuyachanganya.

Fungu la kwanza ni makosa ya ramani: kisima kimewekwa ng'ambo ya korongo, jina la kitongoji limekosewa, njia ya mifugo imechorwa mahali ambapo haijawahi kupita ng'ombe. Haya yanasahihishwa. Fungu la pili ni ukiukwaji: mtu amelima ndani ya malisho, mwingine amechoma mkaa katika msitu wa kijiji. Haya dawa yake ni sheria ndogo mliyonayo tayari, si mpango mpya. Fungu la tatu ni mahitaji yaliyobadilika kweli: watu wameongezeka, barabara mpya imepita, makazi yamejaa, au zao limepanda bei na mashamba yametanuka, kama ufuta ulivyofanya Lindi na parachichi Njombe. Hili peke yake ndilo la marekebisho.

Ugumu uko kwenye mpaka wa fungu la pili na la tatu. Uvamizi ukikaa muda mrefu huvaa sura ya mahitaji. Ukihalalisha kila shamba lililoingia kwenye malisho, umewatangazia wengine waingie, kwani kipindi kijacho nao watahalalishwa. Lakini kama ndani ya eneo lililotengwa miaka mingi iliyopita kuna kitongoji kizima, shule na zahanati, kujifanya hakipo ni kujidanganya. Pendekezo langu ni kuangalia nani aliwapokea watu hao. Kama kijiji chenyewe kiliwapa ardhi, hilo ni kosa la kijiji na kijiji kilibebe kwa kurekebisha mpango waziwazi. Kama walijikatia wenyewe huku wakionywa, sheria ndogo ifuate mkondo wake.

Kijiji kikigawanywa

Hali moja inastahili maneno zaidi, nayo ni kugawanywa kwa kijiji. Kijiji kimoja kinazaa viwili, mwenyekiti mpya anachaguliwa, muhuri mpya unachongwa, na mpango wa ardhi unabaki ule wa zamani, wenye jina la kijiji mama na mipaka isiyolingana tena na mamlaka ya mtu yeyote. Mara nyingi malisho yote yanaangukia upande mmoja na kisima upande wa pili. Halmashauri ya kijiji kipya inaona haifungwi na makubaliano ambayo haikuyasaini, na ile ya zamani inaendelea kugawa ardhi kwa ramani isiyo yake.

Kama mgawanyo unazungumzwa kwenu, msisubiri utangazwe ndipo muanze kufikiria ardhi. Katika mkutano uleule unaojadili kugawanya kijiji, wekeni azimio kwamba maeneo ya pamoja yataendelea kutumiwa na pande zote mbili mpaka kila kijiji kitakapokuwa na cheti chake na mpango wake, na kwamba hakuna upande utakaogawa kipande cha maeneo hayo kwa wakati huo. Azimio hilo liingie kwenye muhtasari neno kwa neno. Baadaye, mkiona kwamba malisho hayagawanyiki bila kuua ufugaji, ipo njia ya mpango wa pamoja wa vijiji. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo: vilikubaliana kutunza eneo moja la malisho, vikaliita OLENGAPA kwa kuunganisha majina ya vijiji hivyo. Kumbuka tu kwamba mpango wa namna hiyo haurekebishwi na kijiji kimoja. Mkutano Mkuu wa kila kijiji kilichoingia unapaswa kukubali, na hilo liandikwe katika makubaliano tangu mwanzo.

Tenganisha dogo na kubwa

Kanuni ya marekebisho ikiwa ngumu mno, watu wataacha kuifuata. Mama anayetaka njia ya kwenda kisimani isogezwe mita chache hawezi kusubiri timu ya wilaya. Ikiwa rahisi mno, kila uchaguzi wa serikali za mitaa utaleta mpango wake. Kwa hiyo gawanyeni marekebisho mara mbili. Madogo ni yale yasiyobadilisha ukubwa wala matumizi ya eneo lolote na yasiyomwondoa mtu: kusahihisha jina, kuongeza alama ya mpaka, kusogeza njia kwa makubaliano ya wanaopakana. Hayo halmashauri iyapitishe na kuyatolea taarifa katika Mkutano Mkuu unaofuata, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Yaliyobaki yote ni makubwa. Mkibishana kama jambo ni dogo au kubwa, lihesabiwe kubwa.

Mfano wa kifungu

Kifungu chenyewe kinakaa kwenye sheria ndogo za matumizi ya ardhi. Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano Mkuu unaijadili na kuikubali, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Mwanasheria wa wilaya atataka kuona kwamba hamjajipa mamlaka ambayo sheria kuu haikuwapa, hivyo mpelekeeni rasimu mapema. Unaweza kuanzia hapa na kurekebisha maneno yaendane na kijiji chako:

"Kamati itapitia utekelezaji wa mpango huu kila mwaka, na mpango mzima utapitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Pendekezo la kubadilisha matumizi ya eneo lolote linaweza kutolewa na Halmashauri ya Kijiji, na kitongoji kwa azimio la mkutano wake, au na kikundi kinachotumia eneo husika. Pendekezo litakuwa la maandishi, litaonyesha eneo kwenye ramani na ukubwa wake kwa hekta, sababu za kubadilisha, wanaolitumia sasa na mahali watakapopata huduma hiyo baadaye. Litabandikwa katika vitongoji vyote kwa siku zisizopungua 30 kabla ya Mkutano Mkuu. Pendekezo linalopunguza malisho, msitu, eneo la maji au ardhi ya akiba litasomwa katika Mikutano Mikuu miwili na kuamuliwa katika ule wa pili. Tangu siku pendekezo linapobandikwa hadi litakapoamuliwa, hakuna ardhi itakayogawiwa ndani ya eneo hilo. Marekebisho ya mpango hayatajadiliwa chini ya ajenda ya mengineyo."

Sentensi ya mwisho usiione ya utani. Kila aliyekaa kwenye mikutano ya kijiji anajua kinachotokea jua likizama: nusu ya watu wameshaondoka, mwenyekiti anauliza kama kuna mengineyo, na mtu anasimama na karatasi. Katazo la kugawa ardhi wakati pendekezo likisubiri nalo lina kazi yake. Tetesi kwamba eneo fulani litageuzwa mashamba ikienea, watu hukimbilia kufyeka ili siku ya uamuzi wakutwe wamo. Na haki ya kikundi kupendekeza imewekwa kwa sababu wafugaji katika vijiji vingi ni wachache, hawana mjumbe wa kuwasemea kwenye halmashauri, na wakingoja halmashauri ilete hoja yao watangoja sana.

Mkutano wenyewe

Chagua majira. Kiangazi kikali wafugaji wako mbali na mifugo. Mvua za kupandia zikianza, wakulima wako mashambani. Mkutano unaobadilisha malisho ukiitishwa wakati wafugaji wamehama, hata akidi ikitimia, uamuzi wake umeshapandwa mbegu ya ugomvi. Kilosa mwaka 2000 na Kiteto mwaka 2014 watu waliuana kwa sababu ya mashamba na malisho. Visababu vya mapigano hayo vilikuwa vingi, na sisemi kwamba tangazo la mkutano lingeyazuia, lakini ukiyakumbuka hutaona siku 30 za tangazo kuwa urasimu.

Kabla ya Mkutano Mkuu fanyeni vikao vya vitongoji, na ndani yake wanawake wakae peke yao kwanza. Sheria ya 1999 inawapa wanawake haki sawa na wanaume juu ya ardhi, ila haki ya kwenye karatasi haisemi mbele ya baba mkwe. Wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi na ni mto gani unakauka mwezi gani. Pendekezo likiwafikia wakiwa wenyewe, utasikia mambo ambayo ramani haina.

Siku ya mkutano, mahudhurio yasainiwe kwa kitongoji na jinsia, na kura zihesabiwe. Maneno "wajumbe kwa kauli moja walikubali" hayamsaidii mtu barazani. Muhtasari uonyeshe waliokubali ni wangapi na waliokataa ni wangapi, pamoja na hoja za waliokataa.

Yasiyobadilishwa kwa kura

Kuna mambo ambayo Mkutano Mkuu hata ukijaa hauwezi kuyafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na kwenye vyanzo vingine vya maji, hivyo msipoteze muda kupanga bustani hapo. Msitu wa hifadhi wa kijiji uliosajiliwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 una mpango wake wa usimamizi na utaratibu wake. Kubadili rangi kwenye ramani ya kijiji hakuuondoi. Eneo mliloliingiza katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori nalo limefungwa na makubaliano na vijiji vingine.

Hati ya hakimiliki ya kimila nayo haifutwi na mpango mpya. Kama mnataka shamba la mtu mwenye hati liwe njia ya mifugo, kaeni naye, mkubaliane fidia au eneo mbadala, na makubaliano yaandikwe kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Upande wa pili, hati inaweza kuwa ngao ya eneo la pamoja. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mkoani Manyara, walipata hati ya kimila ya jumuiya mwaka 2011. Eneo la pamoja lenye hati ya kikundi ni gumu zaidi kumegwa kuliko lile linalotegemea rangi ya ramani tu.

Msichanganye pia marekebisho ya mpango na kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla. Hilo ni jambo jingine, linaanzia kwa Rais na kupitia kwa Waziri. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu unakubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Mtu akija na maneno ya "kurekebisha mpango kidogo tu kwa ajili ya mradi", muulizeni kwanza: baada ya marekebisho haya, ardhi itabaki ya kijiji?

Fedha na wataalamu

Marekebisho makubwa yanahitaji mpima, afisa mipango na ramani mpya, na vyote vina gharama. Hapa ndipo vijiji vingi hujisalimisha kwa mradi wowote unaopita, na mradi nao huja na jambo lake: wa misitu utataka msitu ukue, wa kilimo utataka mashamba. Si lazima mkatae msaada. Mkiwa na taarifa ya ukaguzi wa miguu, mapendekezo yaliyobandikwa na kifungu cha marekebisho kilichoidhinishwa, mtawapokea mkiwa na ajenda yenu. Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya mkiomba timu ya upangaji iwaingize kwenye bajeti, mwambatanishe taarifa hiyo, na mhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Mpango mpya ukikamilika, ramani ya zamani iondolewe ukutani na kuandikwa "imefutwa" pamoja na tarehe, lakini isitupwe. Siku ya kesi itatakiwa. Rejista ya ardhi ya pamoja irekebishwe wiki hiyohiyo, na vijiji jirani vipewe nakala.

Na kama mpango wenu umeshabadilishwa kimyakimya, anza kwa kuomba kwa maandishi muhtasari wa mkutano ulioubadilisha. Usipopatikana, peleka jambo kwenye Mkutano Mkuu unaofuata, likiwa ajenda iliyoombwa mapema kwa barua. Mgogoro wa mtu na mtu unapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, kwa usuluhishi. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, linasuluhisha tu bila kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linalosikiliza shauri. Huko nenda na ramani ya zamani, muhtasari wa zamani, barua uliyoomba muhtasari mpya, na jibu ulilopewa, hata kama jibu lenyewe lilikuwa kimya.